Kiti cha Kulia

Ulikuwa mwaka ule tuliokula ugali wa uwele uliosagwa na pumba zake, na mlenda mkavu asubuhi na jioni, huku maduka ya Shelui yamejaa mikate na biskuti za nje. Biashara imefunguliwa, walisema. Sisi wa Misigiri tulifunguliwa harufu.

Mwaka huo mwanangu wa kwanza alikuja likizo kutoka Ulaya, alikokuwa akifanya kazi kiwandani, na akaja na gari. Alilinunua huko huko kwa mzungu mzee aliyechoka kuendesha, akalitumia, kisha akalipakia melini. Mimi niliishia darasa la pili, lakini nilizaa mtu aliyeingia Misigiri na gari lake mwenyewe. Siku ile nilitembea nimenyoosha shingo, asikudanganye mtu.

Usukani ulikuwa kushoto. Jirani yetu alilizunguka akicheka hadi akakohoa. "Hili wamekushonea kinyume! Rudisha kwa fundi!"

Mwanangu naye akacheka, halafu akatueleza. Kwa kuwa huku kwetu tunapita kushoto, dereva wa gari lile anakaa upande wa majani. Akiwa nyuma ya lori haoni kinachokuja. "Anayekaa kulia ndiye macho yangu," alisema. "Yeye ndiye wa kuniambia pita au ngoja." Kutoka bandarini hadi Singida mjini alikaa hapo rafiki yake.

Lakini kwetu mzee hakai nyuma. Jumapili tulipotoka kwenda Shelui kumsalimia binti yetu aliyeolewa huko, mume wangu alipapasa mlango, akaingia mbele, akaweka fimbo yake katikati ya magoti.

Mume wangu alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Watu aliwajua kwa sauti. Mwanangu, aliyekaa ugenini miaka, hakulijua hilo. Baba yake alimwitikia shikamoo akimtazama usoni kabisa.

"Baba watoto," nikasema, "njoo tukae wote huku nyuma."

"Nikae nyuma kama kuku wa mnadani? Kwenye gari la mwanangu?"

"Huoni hata mlenda ulio bakulini!"

"Mama, jamani," mwanangu akasema. "Usimwaibishe Baba."

Barabara wakati ule ilikuwa ya vumbi tupu. Kabla hatujaufikia mlima Sekenke tukalikuta lori linajikokota mbele yetu. Mwanangu alisogea, akarudi, akasogea tena.

"Baba, kuna kitu?"

"Ngoja!" nilipiga kelele, ingawa kwa vumbi lile hata mimi sikuwa nikiona.

"Pita," mume wangu akasema.

Lilikuwepo lori jingine, la vitunguu. Upande wa kulia ukabonyea kama debe lililokanyagwa na ng'ombe. Mwanangu alitoka na mchubuko wa kidevu. Mimi nilivunjika mkono. Mume wangu hakusema tena neno, na ilibidi wakate mlango kwa shoka ndipo wamtoe.

Tulimlaza nyumbani. Wanaume walikuwa bado wanachimba kaburi pale shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alipokuja kusimama mbele yangu na wenzake wawili.

"Shemeji, pole. Lakini mtoto wako aondoke sasa hivi. Mkono uliomuua kaka hautamfukia. Akitia udongo mle, sisi hatukanyagi tena hapa, wala usituite ukiugua."

"Kaka yako alikuwa kipofu," nikamwambia. "Na wewe ulijua. Si ulikuwa unamshika mkono kuvuka korongo?"

"Unamtukana maiti?"

"Nasema alivyokuwa. Alisema pita, mtoto akapita."

"Basi chagua. Yeye au sisi."

Mkono wangu ulikuwa umefungwa kwa vijiti na khanga, unauma hadi kwenye meno. Nilisimama hivyo hivyo.

"Hatoki mtu hapa mpaka tuzike."

Walinitazama, wakatema mate, wakaondoka na watu wao. Kaburi likabaki na wachimbaji wachache. Nilipoingia ndani nikamkuta mwanangu ameshavaa viatu, begi liko begani, uso umemvimba kwa kulia.

"Mama, niache niende. Wana haki. Usibaki peke yako kwa ajili yangu."

Nikausukuma mlango kwa mgongo, nikauegemea.

"Hatoki mtu hapa mpaka tuzike."