Kikombe cha Vyumba Vitano

Kwa miaka mingi, katika gereji yangu ya Kariobangi, nilipima nozeli za dizeli, zile ncha zinazorusha mafuta ndani ya injini, kwa namna moja. Nilizifunga nozeli nne za injini kwenye mashine, nikahesabu mipigo mia mbili, kisha nikasoma mafuta yaliyoingia katika mirija ya kioo. Mirija minne ikilingana, kazi imekwisha. Kila nozeli ina matundu matano madogo, lakini yote yalimwaga katika mrija mmoja.

Jirani yangu wa ploti alileta nozeli za lori lake siku ya Alhamisi. Mama yake mzazi alikuwa azikwe Jumamosi huko Vihiga, naye, kifungua mimba, ndiye wa kutupa udongo wa kwanza. Lori lingebeba jamaa, viti na chakula.

"Fundi, hii ni sawa kabisa, ama ni sawa ya jua kali?" akanitania.

"Tofauti haifiki tone. Panda mlima bila wasiwasi."

"Likinilaza njiani, wewe ndiwe utawaeleza wazee."

Tulicheka.

Lori lilikufa kwenye mlima wa Timboroa Ijumaa jioni, pistoni imetoboka. Angeweza kudandia gari lingine peke yake, lakini hakuwaacha shangazi zake na watoto barabarani kwenye baridi ile. Nyumbani walimngoja hadi saa tisa alasiri ya Jumamosi. Mvua ilipotanda, wakazika. Alifika saa kumi na mbili.

Aliporudi, lori likivutwa, nilizichukua nozeli zile upya. Nilizungushia kila ncha karatasi ya kaki, nikapiga mpigo mmoja. Kwenye nozeli ya tatu, madoa matatu yalikuwa sawa, la nne kama nukta ya kalamu, la tano limetapakaa. Tundu moja lilikuwa limeziba kiasi, jingine limelika. Kilichopungua huku kilizidi kule, na jumla ikatoka sahihi. Tundu lililolika ndilo lililochoma pistoni.

Nilitengeneza kikombe cha shaba chenye vyumba vitano, kila tundu na mrija wake. Nilimwita akione. Alikigeuzageuza mkononi.

"Vitu vya kutengeneza hiki ulivitoa wapi?"

"Hapa hapa gereji."

"Vilikuwapo ile Alhamisi?"

"Vilikuwapo."

Alikiweka juu ya meza taratibu, akaniambia shangazi zake wananisalimia, akaondoka.