Abiria wa Pili wa Francisca

Francisca wa kijiji cha Mbuba alipotimiza miaka sabini, Joyness, binti wa kaka yake, aliamua kumpeleka mapumziko. Joyness ni wakala wa forodha pale mpakani Rusumo. Alifika Jumapili baada ya misa, akamwonyesha kwenye simu meli kubwa kubwa za ughaibuni, zenye mabwawa ya kuogelea na maduka ndani. Francisca alizitazama moja moja. Akauliza jiko liko wapi, na wahudumu wanalala upande gani. Picha hazikuonyesha hayo.

"Nitafutie ile ya Bukoba kwenda Mwanza," Francisca akasema.

Pale kijijini wengi walimjua kama mama wa kahawa na migomba. Wachache walikumbuka kwamba kabla ya kurudi kuwauguza wazazi wake, alikuwa mhudumu wa meli kwa miaka kumi na mmoja. Kila asubuhi alipeleka chai kwenye vyumba vya daraja la kwanza, akitembea kwa kufuata mawimbi ili vikombe visimwagike. Alitandika mashuka ambayo hakuwahi kuyalalia. Yeye na Nyamizi, msichana wa Biharamulo, walilala kule chini karibu na injini, kwenye joto la tanuri, wakitumia kioo kimoja na kitana kimoja. Meli ilipopakia ndizi bandarini Kemondo, harufu ilimkumbusha kwao. Sasa yuko kwao, na kila akikata mkungu hukumbuka meli.

Joyness akapiga simu ofisi ya tiketi, akafungua spika. Karani akauliza daraja. Joyness akasema la kwanza. Francisca akaisogelea simu.

"Upande wa kushoto, mwanangu. Ukitoka Bukoba, jua huchomozea huko."

Karani akauliza kama mama aliwahi kufanya kazi melini. Akajibiwa kwamba ndiyo, zamani sana. Chumba kilikuwa na vitanda viwili, kwa hiyo akaomba jina la abiria wa pili. Joyness alikuwa karibu kutaja lake, akauona uso wa shangazi yake, akaacha.

"Shangazi, ungependa nani?"

Francisca akamtaja Nyamizi. Alisema hajui hata kama bado yu hai. Barua yake ya mwisho ilikuja kabla Joyness hajazaliwa. Joyness akamwomba karani awashikie chumba hadi Alhamisi.

Jumanne wakaenda Biharamulo. Waliulizia parokiani, wakaelekezwa kwenye nyumba moja nyuma ya soko. Bibi mwembamba aliyekuwa akianika maharage akainuka na kukinga jua kwa kiganja. Joyness akamwamkia shikamoo, lakini bibi hakumsikia. Alikuwa akimtazama mgeni mwingine.

"Fransi," akasema taratibu, "bado unakoroma?"

Wakashikana mikono, wakaingia ndani hivyo hivyo.

Nyamizi alipoelezwa safari alikataa. Goti lake lilikuwa bovu, na vitanda vya meli huwa kimoja juu ya kingine. Francisca akamwambia atalala cha chini, yeye atapanda. Nyamizi akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge, kisha akauliza wanaondoka lini.

Joyness akatoka uani kumpigia karani. Akataja majina ya wale wawili, na yeye akajikatia tiketi ya daraja la pili. Ndani, wazee walikuwa wameanza kubishana kuhusu jina la mpishi mmoja wa meli aliyezidisha chumvi, na hakuna aliyekuwa tayari kushindwa.