Nilimpandisha Mwenyewe Kwenye Pikipiki Yake

Admin, ficha jina langu kabisa, hawa watu wa stage wako hapa kwa page. Mimi ni dada wa miaka ishirini na saba, nauza chai na mandazi karibu na stage moja ya pikipiki za boda hapa Kitale. Naishi mtaa wa Tuwan. Mama alipofariki, mdogo wangu wa miaka kumi na tano nikamlea mimi. Ninaandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Shule yake iko mbali, kwa hivyo nikafanya vile wazazi wengi huku hufanya: nikatafuta boda mmoja wa kumbeba kila siku, asubuhi na jioni. Nikachagua chairman wa stage mwenyewe. Mtu wa heshima, ana bibi, kanisani anapiga gitaa. Nilikuwa namwekea mandazi mbili za bure kila asubuhi. Za bure, jamani!

Muhula wa pili mtoto akaanza vituko. Pikipiki ikipiga honi, anajifungia chooni. "Dada, si nitembee tu?" Nikamwambia, "Utembee mpaka wapi, wewe? Acha uvivu." Siku moja alishikilia mlango akilia, nikamtoa vidole kimoja kimoja nikampandisha mwenyewe. Huyo mwanaume akasema, "Wasichana wa siku hizi bana, kudeka tu." Nami nikacheka.

Kumbe njiani alikuwa anamwambia maneno siwezi kuandika hapa, na kumshikashika. Wakipita stage, wenzake wanapiga mbinja, "Bibi ya chairman huyo!" Ni yeye alimpa ile pombe ya sachet inayopenyezwa mpakani Suam, ati imtoe aibu. Mtoto akaizoea, akawa anakunywa hata peke yake ndio asisikie kitu. Mimi nikinusa, namchapa. Halafu akakataa kuvua sweta hata jua likiwaka, na siku niliyomvua kwa nguvu nikaona vile amekuwa akijiumiza mikono. Nilikaa chini hapo hapo sakafuni. Akaniambia yote, kisha akaniapisha: "Usimwambie mtu mwingine ila shangazi. Stage yote itajua ni mimi nimesema. Afadhali nife."

Nikampeleka kwa shangazi yetu Bungoma. Huko anaonana na daktari, pombe ameacha, na wiki jana alinicheka kwa simu ati ugali yangu ni ngumu kama simiti. Nililia kwa furaha.

Lakini mimi sijapona. Huyo mtu bado anakuja kunywa chai kwangu. "Mtoto ako wapi siku hizi? Msalimie sana." Nimsalimie! Mshenzi yeye! Najua nikipiga nduru moja tu, "Mwizi!", pikipiki itakuwa majivu kabla polisi wafike, na yeye pia. Nimeuota huo moshi, na sitawadanganya, ndoto ilikuwa tamu. Sitaki aonywe. Sitaki wazee wakae chini na soda waseme tusameheane. Nataka atetemeke mbele ya watu.

Shangazi anasema, "Mwanangu, moto hautamponya mtoto. Nenda dawati la jinsia pale kituo cha polisi, ushitaki." Lakini mtoto mwenyewe lazima aongee, na amekataa katakata. Nikaamua kungoja apate nguvu.

Sasa jana jirani yangu akaja kununua mandazi. Ako na msichana wa Gredi ya Saba. Akaniuliza, "Sista, yule boda wenu alikuwa mzuri? Nataka abebe wangu kuanzia Jumatatu." Nikakumbuka kile kiapo. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Ako sawa." Ako sawa! Mimi! Jirani akanishukuru akaenda.

Nikifungua mdomo, naogopa mdogo wangu atarudia kujiumiza. Nikinyamaza, mtoto wa jirani ndiye atafuata.

Leo ni Jumamosi, na namsikia huyo msichana wa jirani hapo nje akifua sare yake akiimba. Nitukaneni mkitaka, lakini mniambie: nifanye nini kabla ya Jumatatu?