Kifuniko cha Gramafoni ya Bibi

Ukipita kwangu Kamunyonge siku hizi ukakutana na harufu ya spiriti, usiseme nimeanza kunywa. Ninafufua poleshi ya kabati la gramafoni la bibi yangu, na kazi hiyo imenirudisha Butiama, nikiwa binti wa magoti meusi kuliko sufuria.

Kabati lile lilikuwaga jekundu la kuiva, kama chai ya rangi iliyosahauliwa mekoni. Bibi alilisugua kwa samli, nje na ndani, kila Jumamosi tukimenya mihogo, mpaka nzi wakitua wanateleza na kuvunjika miguu. Hata alipopofuka hakuacha. "Macho yamekwenda," alisemaga, "vidole vimebaki."

Kisha mjomba akarudi kutoka machimbo ya Buhemba na vijisenti, akalipeleka kwa fundi wa Nyakato liwe jipya. Fundi akalikwangua kwa msasa mpaka mbao ikaomba maji, akalimwagia vanishi ya kung'aa hadi ng'ombe wa Bunda wakafumba macho. Vanishi ikagandisha hata kifuniko, kisifunguke tena.

Bibi akalipapasa. Akalinusa.

"Hili si langu. Wewe mtoto, umeuza kabati la baba yako."

"Mama, ni lilelile!"

"Basi fungua, nishike ndani."

"Vanishi itabanduka, Mama. Hii ya kisasa!"

Nyumba nzima ikacheka. Jirani akawa anamwigiza Bibi: ananusa mtungi, anamnusa mbuzi, anamnusa mjomba. "Hili si langu!" Bibi akasusa hata samaki alioleta mjomba: furu wa mwizi, alisema, wana miiba maradufu. Siku yake ya mwisho duniani mjomba alimshika mkono, Bibi akauchomoa. "Rudisha kabati." Akafa na neno hilo.

Juzi nimepitisha kisu chembamba ufani, kifuniko kikaachia kwa mlio wa mfupa. Ndani, msasa haukufika. Poleshi ipo, nyekundu ileile, inanuka samli na moshi. Nikiipitishia kitambaa chenye spiriti inalainika, inajitandaza, inang'aa. Nje hakuna cha kufufua. Huko nitapaka mpya, nidanganye wageni. Siku hizi nani anasugua mbao kwa samli? Hata ya kula tunanusa kwa jirani.

Nikamwita mjomba, sasa mzee wa mkongojo. Akaweka kiganja ndani, pale Bibi alipoomba kushika, akakinusa. Nikasubiri utani, maana huyo angetania hata jeneza.

"Funga," akasema.