Uzi Mwekundu wa Mama Pindo

Saa moja kasoro asubuhi, kabla mguu wake haujagusa pedeli ya cherehani, Mama Pindo yuko sakafuni, kapiga magoti. Anaokota nyuzi. Hafagii, anaokota mmojammoja kwa vidole na kuzitia kwenye kopo la maziwa lenye kifuniko. Akimaliza anachungulia tena chini ya meza.

"Mke wangu siku hizi anapekua sakafu kama kapoteza pete," anatania mumewe, anayepiga pasi chumba hichohicho.

"Kwa pete yako nisingepiga magoti," anajibu mkewe bila kuinua uso.

Jina la Mama Pindo alipewa na wateja, maana pindo zake hazifumuki. Ana miaka ishirini na mbili kwenye ushonaji, na kwa siku humaliza magauni matatu, manne kukiwa na harusi. Miaka sita ya mwisho alishona na paka miguuni: Bobini, jike la kijivu, mlalaji wa kwenye mabaki ya vitambaa, mchezaji wa kila uzi ulioanguka.

Miezi miwili iliyopita Bobini aligoma kula. Yeye na mumewe wakasema anadeka tu. Siku ya pili akatapika povu. Ya tatu, Mama Pindo akaona ncha ya uzi mwekundu imechomoza chini ya mkia.

"Mimi fundi," anasema. "Uzi ukining'inia, mkono hauniombi ruhusa. Nikaushika, nikavuta."

Paka akalia mlio ambao hakuwahi kuusikia. Uzi ukakatika, kipande kikabaki kiganjani. Alidhani amemsaidia.

Akamtia kwenye kikapu hadi duka la dawa za mifugo. Muuzaji, hata kikapu hakufunua, akampa dawa ya minyoo. Siku nzima ikapotelea hapo. Kesho yake ndipo akampata daktari wa wanyama, msichana wa umri wa bintiye.

Daktari akafungua kinywa cha paka, akainua ulimi. Uzi ulikuwa umejizungusha pale chini.

"Mama, uliuvuta?"

"Kidogo tu, mwanangu."

"Huku juu umenasa, kule chini unavutwa. Utumbo unajikunja wote, halafu uzi unaukata."

"Kama marinda," akasema Mama Pindo.

Daktari akamtazama. "Ndiyo, mama. Kama marinda."

Hakuhitaji maelezo zaidi. Kila siku huvuta uzi hivyohivyo hadi kitambaa kikusanyike.

Bobini alipasuliwa mchana huohuo. Utumbo ulikuwa umetoboka sehemu nne, daktari akazishona zote. Paka akaamka, akalamba mkono wa Mama Pindo, akaishi siku mbili.

"Nilimuuliza daktari, nisingeuvuta angepona? Akasema, 'Labda, mama.' Bora angenidanganya."

Tangu hapo amepita kwa mafundi wote wa mtaa wake: ukiona uzi kwa paka usivute, mkimbize kwa daktari. Wengine humwita shangazi wa paka. Mmoja alimsikiliza paka wake alipomeza uzi; paka huyo akapona, na sasa ana mimba. Mama Pindo ameahidiwa mtoto mmoja.

Amejiwekea sharti: atamchukua akitimiza mwezi mzima bila kugusa cherehani kabla ya kuokota kila uzi sakafuni. Kwenye kalenda ukutani ameshatia alama siku kumi na tisa.

Mteja wa kwanza anaingia, uzi ukining'inia kwenye mkono wa gauni lake. Mkono wa Mama Pindo unanyanyuka wenyewe, unafika nusu njia, unasimama.

"Tulia hapohapo, mdogo wangu," anasema, akipapasa meza kutafuta mkasi.