Baiskeli ya Kwenda kwa Shosho

Harufu ya gundi ya pancha, kwa fundi wa baiskeli pale Adams Arcade, imenirudisha utotoni, kule milimani. Baba aliahidi kunibeba kwa baiskeli mpaka kwa shosho, mama yake. Tukifika mlima anasema, "Shuka usukume, wewe ni mzito." Tukifika mteremko, "Tembea tu, breki zimeisha." Nilihesabu milima tisa na miteremko tisa, nikarudia hesabu, tambarare sikuiona. Sasa hiyo ni baiskeli ya nini?

Karibu na lango la shosho akanipakia nyuma haraka, akapiga kengele. "Mama, nimemleta kwa baiskeli."

Shosho akatazama miguu yangu, nyekundu kwa vumbi mpaka magotini. "Pole kwa kusukuma," akaniambia, kisha kile kikombe kikubwa, ambacho siku zote kilikuwa cha baba, akanijazia mimi chai.