Niliwaambia Askari Mkubwa Wangu Amelewa

Ukurasa, nifichieni jina. Nina miaka hamsini na tano, niko Kisangani, nina tumbo la bosi bila kazi ya bosi. Watu wananipenda kwa sababu nachekesha. Someni kwanza.

Wakati wa vita nilikuwa naendesha toleka, baiskeli ya kubeba abiria, pale Makiso. Asubuhi moja mkubwa wangu, kaka yangu wa tumbo moja, mwalimu ambaye hajawahi kuonja bia, aliamka mdomo umepinda, mkono wa kulia umekufa. Kiharusi. Nikamfunga mgongoni mwangu kwa kitenge cha mkewe, nikakanyaga kuelekea hospitali.

Njiani kulikuwa na kizuizi cha askari. Siku zile ukibeba mgonjwa walidhani unaficha mpiganaji aliyejeruhiwa. Walevi walichekwa tu, wakapita. Donc mimi mjanja nikasema, "Chef, ni mulevi tu, namurudisha kwa bibi yake."

"Mulevi saa hizi? Mushushe, tumuamushe."

Wakammwagia maji. Wakamwambia asimame, akaanguka. Wakamwambia ataje jina lake. Kila alipojaribu yalitoka mate, nao wakacheka. Nami nilicheka, ili uongo wangu usimame. Aliniona nikicheka. Walituachia jua likiwa utosini.

Pengine hata tungewahi, hospitali haikuwa na dawa. Sitajua. Tangu siku ile hajatamka neno.

Sasa binti yake, anayeniita tonton, yaani baba mdogo, anasoma uuguzi. Jumapili iliyopita nilikuwa namlisha mkubwa wangu, kama kila Jumapili, binti akatuonyesha kwenye simu ambulansi za ng'ambo: ndani mna mashine ya kupiga picha ya ubongo, dawa inaanza humo humo njiani.

"Tonton, kila dakika ubongo unakufa. Papa mulimufikisha baada ya masaa ngapi?"

Nikajibu kama miaka yote: tairi lilitoboka.

"Toleka yako nayo ilikuwa muzee kama wewe," akanitania.

Mkubwa wangu akanyoosha mkono wa kushoto, akanikamata kifundo cha mkono, akakaza hadi kijiko kikaanguka.

"Ona, tonton," binti akasema, "papa iko anakushukuru."

Nikisema ukweli, binti huyu hatanifungulia mlango tena, na baba yake nitamwona siku ya matanga. Nikinyamaza, Jumapili hii nitaenda tena na kijiko. Ndugu zangu, mngekuwa mimi mngesema?